Udongo wa Kwa Elieza

Jumatano, 7 Februari 1912. Gulwe.

Mvua kidogo asubuhi. Elieza amepita tena mbele ya tembe yetu na jani la tumbaku begani. Begani! Kama askari na bunduki yake. Mtu mzima hana sababu ya kutembea na jani moja begani isipokuwa kuniumiza mimi. Amenisalimu mbukwa, jirani, kwa ile sauti aliyoletewa na ubatizo wa misheni ya Mvumi. Nimeitikia. Sijui kwa nini nimeitikia.

Mimi, Athuman bin Swedi, ambaye baba yake aliongoza misafara ya pembe za ndovu hadi Bagamoyo, leo napalilia tumbaku katika zizi kuukuu la ng'ombe. Haya ni matendo ya Wadachi na gari lao la moshi. Tangu reli ifike hapa hakuna msafara, hakuna mpagazi, hakuna wa kunihitaji nimtafutie kambi na maji. Gari linasimama stesheni, linakunywa maji lenyewe, linaondoka. Halijawahi kuniuliza lolote.

Mwanamvua, mke wangu, alisema jana bila kupandisha sauti (hapo ndipo huwa naogopa) kwamba uwele wetu ghalani hautafika kiangazi. Watu wa milimani watashuka na punda wao baada ya mavuno. Wanatoa uwele, wanachukua tumbaku, na kitu kingine hawakitaki. Tukiwa na tumbaku, tutakula. Tukikosa, yeye anakwenda Mpwapwa kwa binti yetu Mgeni, na safari hii harudi. Alisema amechoka na akili zangu. Akataja nyuki niliowafuga ndani ya nyumba. Akataja kamba nilizosokota ili kuwauzia Wadachi wafungie mabehewa. Mwanamke huyu hasahau!

Lakini leo nimegundua jambo. Shamba la Elieza lina pembe moja iliyozungushiwa miba ya mgunga, imerundikwa hadi kifuani. Ndani yake kuna mtama. Mtama mtupu! Nani anauwekea mtama ulinzi, na tumbaku yake imekaa wazi kila mbuzi anaitazama? Nimemuuliza Yudith, mkewe, kwa ujanja mkubwa, kama nimeuliza habari ya mvua. Amesema miba ile ni ya kuzuia watu wasikanyage udongo wa pale. Nikasema alaa. Nikaondoka taratibu nikijizuia kukimbia.

Udongo! Kajisema mwenyewe. Nguvu ya tumbaku yake yote iko pale, na mtama ni wa kutufumba macho.

Jumapili, 11 Februari.

Wakristo wamekwenda kusali. Elieza mbele, Yudith nyuma, mafuta yanang'aa usoni. Nimewaacha wafike kwenye nyimbo. Kisha nikaingia pale penye miba na jembe langu na kikapu kikubwa cha Mwanamvua.

Kanzu imechanika nyuma, mpasuko mrefu. Miba miwili bado iko mguuni. Lakini udongo! Mweusi, laini, wa samadi ya zamani iliyooza vizuri. Kuna miche michache ya tumbaku imejiotea katikati ya mtama, mibovu, imekonda. Nadhani Elieza anaipuuza kwa makusudi ili watu wasishuku. Ana akili, simnyimi haki yake.

Nimekwenda na kurudi mpaka kiuno kimekataa. Safari ya mwisho nimekutana na Jumbe Hassani njiani. Akauliza ninabeba nini tangu asubuhi. Nikasema ni majivu ya kuweka chooni. Akachungulia kikapu, akanitazama, akasema choo changu kitapendeza.

Mwanamvua naye ameuliza udongo umetoka wapi. Nimesema nyuma ya stesheni, walipokuwa wakilala nyumbu wa Wadachi. Ameusugua kwa vidole, akaunusa, akasema ni mzuri. Ametabasamu. Sikumbuki mara ya mwisho alipotabasamu kwa jambo nililofanya mimi. Tumepanda pamoja mpaka magharibi, konzi moja ya udongo ule katika kila shimo la mche. Uliobaki nimeunyunyiza kitaluni kwenye miche midogo, isije nayo ikaona wivu.

Ijumaa, 1 Machi.

Tumbaku yangu inakuja juu! Majani mapana, kijani kizito. Mwanamvua anaamka kabla yangu kwenda kuitazama. Jana amenipa mnofu wa kuku na yeye akala shingo. Sikukataa.

Baada ya sala nimewaeleza watu msikitini kwamba kilimo ni akili, si mikono. Wengi walikuwa na haraka ya kuondoka. Nimepitia kwa Elieza kumshauri juu ya kilimo chake. Nimemwambia matuta yake yamebanana. Amenishukuru. Nimemtazama usoni nione kama anashuku. Hashuku kitu. Mtu aliyeibiwa utajiri wake na hajui! Nimemwonea huruma kidogo, nikaomba ugoro, akanipa, nikaondoka.

Alhamisi, 14 Machi.

Kuna jani la manjano.

Si kitu. Jani moja la chini, kwenye mstari wa ukutani. Ajabu ni kwamba manjano yako upande mmoja tu. Nusu ya jani kijani, nusu manjano, na mshipa wa katikati ndio mpaka, kama Wadachi wamepita na kamba zao za kupimia. Mwanamvua anasema ni kiu. Ameteka maji kisimani mpaka jioni. Nimemwelekeza mahali pa kumwaga.

Jumamosi, 16 Machi.

Si kiu. Mvua imenyesha jana usiku kucha na leo miche mingine imeanza. Yote upande mmoja! Upande wa kulia umesimama una afya, upande wa kushoto umelegea kama mtu aliyepigwa na kiharusi. Majani hayo yanapinda kuelekea ule upande mgonjwa. Na ncha ya mche nayo imegeuka huko huko.

Elieza ameegemea ukuta wetu. Ameangalia kwa muda mrefu, akauliza kama anaweza kuingia kuona karibu. Nimekataa. Nimemwambia hii ni mbegu ya Uyaya, kawaida yake ni kugeuka manjano. Akauliza Uyaya ni wapi. Nikasema mbali.

Mwanamvua alikuwa amesimama pale. Alichukua mtungi akaenda kuteka maji mengine, ingawa ardhi imelowa.

Jumanne, 19 Machi.

Akili mpya! Ajabu ni kwamba haikunijia mapema.

Tumbaku huvunwa, hutundikwa, hugeuka manjano, hukauka, ndipo hutwangwa na kufinyangwa mikate. Yangu imegeuka manjano ikiwa shambani. Maana yake imejikausha yenyewe! Nimeokoa kazi ya mwezi mzima. Nimechuma yale majani yote manjano, nikayatwanga, nikafinyanga mikate mizuri yenye ncha. Mzee mmoja wa milimani amepita na punda, akiwahi wenzake. Nikamwita. Nikamwambia hii ni tumbaku laini wanayovuta maofisa wa Kidachi.

Amevunja kipande, amenusa. Amepiga chafya ya upande mmoja. Akaweka kidogo mdomoni. Akatema. Akamtemea punda kwa bahati mbaya, na punda akaondoka, na mzee akamfuata punda. Kule mbele akasimama kwa Elieza na wakazungumza. Nimeona kwa macho yangu Elieza akitikisa kichwa.

Sasa nimeelewa. Ni yeye. Kaniroga! Mtu anaenda kanisani kila Jumapili na bado anamrogea jirani tumbaku.

Mwanamvua amehesabu miche iliyosimama. Hesabu aliiacha katikati, akaingia ndani.

Jumamosi, 23 Machi.

Jumatatu nampeleka Elieza kwa Jumbe. Uchawi unataka ushahidi, basi nimeamua kuusaidia ushahidi. Nimechukua kitambaa chekundu, nywele za mbuzi na mfupa wa kuku, nikafunga vizuri. Mpango ni kupasua shina la mche mmoja chini kabisa, nikichomeke humo, nikifunike. Mbele ya wazee nang'oa mche. Kumbe, hirizi ya mchawi! Kila mtu anapiga kelele.

Nimepasua shina. Nimesahau kitambaa mkononi.

Chini ya gamba kuna rangi. Kahawia, kama maji ya ukwaju, inapanda kutoka kwenye mizizi hadi kwenye yale majani ya manjano, upande ule ule mmoja. Nimechambua gamba la upande wa pili: jeupe, safi. Nimepasua mche mwingine. Kahawia. Mwingine. Kahawia, na mizizi ya upande ule imeoza ikawa nyeusi. Nikapasua mche wenye afya wa mwisho wa shamba, niliokuwa nimeupanda kabla ya kuleta udongo wangu mpya. Mweupe kabisa mpaka chini.

Nimekaa chini kwenye tope. Nimechunguza mche baada ya mche. Nisifiche, nilisahau hata hasira. Sasa naujua ugonjwa huu kuliko mtu yeyote kati ya hapa na Mvumi. Jani likiwa manjano nusu, shina likiwa na kahawia chini ya gamba upande ule ule, basi ndio wenyewe. Nayatambua haya kama ninavyoitambua sura ya mke wangu akiwa amenuna.

Kitambaa nimekitupa. Cha nini? Uchawi wa Elieza umejichora ndani ya shina kwa rangi.

Jumatatu, 25 Machi.

Naandika kwa sababu sina wa kusema naye.

Jumbe Hassani alikuja na wazee, na nusu ya Gulwe nyuma yao. Nilizungumza vizuri. Wallahi nilizungumza vizuri! Niliwaonyesha jani la nusu. Nikawaonyesha ncha iliyopinda. Nikang'oa mche, nikachambua gamba taratibu kwa kisu, nikawazungushia wote waone ile kahawia. Wazee walisogea. Mmoja alishika shina kwa mikono miwili. Hata askari wa boma aliyekuwa anapita kwenda stesheni alisimama kusikiliza. Nikamaliza kwa kunyoosha kidole kwa Elieza, nikauliza ni mkono wa nani unaoweza kuua upande mmoja wa mmea na kuuacha wa pili, kama si mkono wa mchawi.

Jumbe alimwambia Elieza ajibu. Elieza aligeuka. Alitoka. Nilifurahi, nikadhani amekimbia. Kumbe amekwenda kwenye pembe yake yenye miba. Akarudi na mche mmoja wa ile mibovu iliyojiotea kwenye mtama. Akaomba kisu changu. Changu! Nikampa.

Akachambua gamba. Kahawia. Upande mmoja.

Akasema kwa sauti ya chini kwamba pembe ile iliua tumbaku ya baba yake, ikaua na yake, kwa hiyo aliifunga miba na kupanda mtama, kwa kuwa mtama haudhuriki. Akasema ardhi ile ina ugonjwa, na mtu akiikanyaga kisha akaenda shambani kwake, anaondoka nayo miguuni. Ndiyo maana wanazuia watu. Akasema tangu siku ile alipoegemea ukuta wetu amejua ni nini, lakini hakuelewa ugonjwa ulivyoruka mashamba ya watu wengine ukaja kutua kwangu tu, tena shimo kwa shimo. Alikuwa amekasirika. Akauliza mbele ya watu kama kuna anayeweza kumweleza.

Jumbe Hassani akaitazama kanzu yangu iliyoshonwa nyuma. Akasema anakumbuka majivu ya choo.

Nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno matatu mazuri. Lakini Mwanamvua alitoka pale alipokuwa, akasimama mbele yangu, akaniuliza: "Baba Mgeni, udongo ule uliutoa wapi?"

Nikasema stesheni.

Akauliza tena: "Uliutoa wapi?"

Mkono wake ulikuwa bado na tope la maji aliyoteka asubuhi. Kila mtu alisikia nisivyojibu.

Shauri limekatwa. Ning'oe kila mche nichome. Kitalu pia. Zizi hili lisipandwe tumbaku tena mpaka wazee waseme, na wazee hawakusema lini. Wakati wa kuondoka kila mmoja alisimama mlangoni akasugua nyayo zake kwa majani na maji, hata watoto. Yule askari alipangusa viatu. Wamenifanyia hivyo kwenye nyumba ya baba yangu.

Jumanne, 26 Machi.

Amekwenda. Amechukua mkeka, mtungi mdogo, na mtama wa kumtosha njiani. Uwele ameniachia wote. Ningependa angeuchukua, ningekuwa na la kumlaumu.

Hakupiga kelele. Alisema kama ningemwambia ni udongo wa kuiba angenikasirikia siku moja, angeumwaga, na tungepanda kwa samadi yetu tu, na leo tungekuwa na tumbaku ya wastani. Ya wastani! Alitaka kunifunga na jambo dogo hivyo. Kisha akasema alipounusa udongo ule alifurahi, na hilo ndilo hatanisamehe upesi.

Shamba nimelichoma. Moshi wake unawasha macho. Kitalu nimekifunika kwa ungo na nyasi. Ile ni miche midogo, haina hatia.

Jumatano, 10 Aprili.

Elieza amekuja. Nilijificha, akanisubiri, nikatoka.

Amesema amekuja kwa sababu ya Yudith, ambaye haachi kulia habari za Mwanamvua. Kwangu mimi bado ana hasira na hakuficha. Mjomba wa Yudith ana kipande cha ardhi bondeni, karibu na mto, chenye unyevu hata mvua ikikatika. Hakijawahi kulimwa tumbaku. Nipewe nilime msimu huu. Elieza atatoa miche kutoka kitalu chake, Yudith ataleta jembe jipya. Sharti ni moja: nije mikono mitupu. Nisilete jembe langu, kikapu changu, wala chochote kilichogusa zizi lile. Nioge kabla ya kushuka. Yudith amekwishamtumia Mwanamvua salamu, na Mwanamvua amejibu kwamba akiona tumbaku imesimama bondeni, atarudi.

Nimemshukuru. Nimemshukuru mara nyingi, mpaka amechoka kusikia.

Atarudi!

Jumamosi, 13 Aprili.

Miche ya Elieza imeletwa. Nimeitazama siku nzima. Mizuri mno.

Nimejiuliza kwa utulivu. Mtu niliyemwita mchawi mbele ya Jumbe, kwa nini anipe miche yake mizuri bure? Siku watu wa milimani watakaposhuka na punda, wataona tumbaku yangu na watasema hii ni tumbaku ya Elieza. Mwanamvua ataonja ugali akijua umetoka kwa Elieza. Kila tonge! Mpaka kufa kwangu, nitakuwa mtu aliyelishwa na jirani aliyembebea jani begani. Haiwezekani. Na je, kama miche ile ni migonjwa? Nani aliichunguza? Mimi ndiye ninayeujua ugonjwa huu hapa, na hakuna aliyeniuliza.

Nimefunua kitalu changu. Kijani kitupu! Nimekagua jani moja moja, mbele na nyuma. Hakuna nusu manjano hata moja. Ipo mifupi kidogo kwa kukosa jua, basi. Nimeing'oa yote, kila mche na donge lake la udongo ili mizizi isishtuke, nikaifunga kwenye majani ya mgomba na kuishusha bondeni. Ya Elieza nimeitupa mtoni. Nimeoga kwanza, kama nilivyoagizwa.

Ijumaa, 10 Mei.

Mwanamvua amerudi!

Amefika kwa miguu kutoka Mpwapwa, mkeka kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuingia nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja bondeni. Nilimkuta amesimama katikati ya mistari, tumbaku inamfika magotini, amefunika mdomo kwa ukaya. Analia. Mwanamke ambaye hakulia siku ile ya Jumbe, analia kwa ajili ya majani!

Amesema asante. Ameniambia hivyo, mimi, kwa jina langu. Amesema alidhani hataniamini tena na amekosea. Yudith alikuwa pale ameleta uji, naye akafurahi, akasema miche ya Elieza imekubali ardhi. Nimenyamaza. Kuna wakati mtu mkubwa humwachia mwenzake sifa ndogo.

Mwanamvua amekataa kupumzika. Amekunja kanga, amechukua kibuyu na kuanza kumwagilia, mche mmoja mmoja, akizungumza nayo kama watoto. Amepanga yote. Uwele utaingia ghala gani, Mgeni atatumiwa kiasi gani, kanzu yangu mpya itashonwa na nani. Nimekaa kivulini nikimsikiliza. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama hii.

Jioni ameniita kwenye mstari wa karibu na maji. Alikuwa amechuchumaa, ameshika ncha ya mche kwa vidole viwili. Akauliza mbona huu umepinda upande mmoja.

Nimemwambia unatazama jua linakotua, na aongeze maji.